Saratani Mbili za Mama Kalunde

Nimeombwa niandike maneno ya kuwatia moyo vijana wanaoanza kazi ya wodini. Moyo mtajitia wenyewe. Mimi nitawaeleza mnavyokosea, maana juzi nilikwenda kumwona jirani yangu wa hapa Cheyo aliyelazwa, nikamkuta mhudumu anapiga deki kuanzia mlangoni kwenda ndani. Sasa ukifika kule mwisho utatokaje, utaruka? Na simu ameibana kati ya sikio na bega, shingo imepinda kama ya kuku aliyekwama kwenye uzio. Nikamwuliza, "Mwanangu, nani alikufundisha kazi?" Akasema, "Shikamoo bibi. Mbona iko poa tu." Marahaba. Haiko poa.

Mimi nilikuwa mhudumu wa wodi ya akina mama katika hospitali moja hapa Tabora. Jina lake siliandiki, halihusiki. Shule yangu iliishia darasa la nne, kwa hiyo nikikosea herufi nivumilieni kama ninavyowavumilia nyie mliomaliza vyuo na hamjui kukamua tambara.

Baba yangu alikuwa Mgogo aliyeletwa huku na kazi ya reli. Akaoa huku, akazikwa huku, lakini mimi nilikataa kugeuka Mnyamwezi. Kila asubuhi niliingia wodini na salamu ya kwetu, "Mbukwa," na Wanyamwezi waliolala pale wakanipokea kwa maneno makali, kwa sababu sisi ni watani tangu enzi za misafara. Wazee wao walibeba mizigo kwenda pwani, njia ikipita katika nchi ya wazee wangu, na wazee wangu waliwatoza hongo, ile kodi ya njia, kabla ya kuwapa maji. Hawajatusamehe. Wodi nzima iliniita Mama Mbukwa.

"Mama Mbukwa, kwenu mvua imenyesha mwaka huu, au umekuja kuomba?"

"Imenyesha, tumeoga. Naona ninyi bado."

Hivyo ndivyo mgonjwa anavyoamshwa. Siku hizi mnawaamsha kwa kuwasha taa na kupiga vyuma vya kitanda, kisha mnashangaa hawawaambii kitu.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Zuwena, mama wa Kiarabu wa hapa mjini. Kwao ni watu wa maduka tangu kwa babu yao, sijui yeye alifuata nini kwenye mabeseni yetu. Alikuwa mdogo wa umbo, na macho yake yaliona vumbi kupitia ukutani. Mambo yake mengi mnayadharau, nami nayataja mawili tu. La kwanza, kinyama kikikatwa kwa mgonjwa ili kipelekwe kupimwa, kinaingia kwenye chupa yenye dawa yake, chupa moja kinyama kimoja, na jina linabandikwa kwenye chupa yenyewe, si kwenye kifuniko, kwa sababu vifuniko vinahama. La pili, ukiingia zamu, tazama chini ya kitanda kabla hujamtazama mgonjwa usoni. Usoni mtu anapanga. Chini ya kitanda hajapanga.

Sasa niwaeleze habari ya Mama Kalunde. Yeye mwenyewe ameniruhusu. Nilimwuliza nipunguze wapi, akasema nikipunguza atanijia hapa Cheyo na mchi.

Mama Kalunde ni mkulima wa tumbaku wa upande wa Urambo, mjane, mwanamke mwenye mabega. Alikuja kwetu miaka ya mwisho kabla sijastaafu, akiletwa kwa pikipiki na mkwe wake, Maganga, mume wa Kalunde. Kalunde mwenyewe alikuwa ametoka kujifungua, hakuweza kusafiri. Mtu mwingine wa kumleta hakuwapo karibu.

Mnaotoka mbali na huku hamwezi kuelewa shida ilianzia wapi, nisikilizeni. Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume hawatazamani. Hawali pamoja, hawapishani mlangoni, na Maganga akisikia kikohozi cha mama huyu njiani anakata kona aingie porini. Kwenye pikipiki waliwekeana gunia la mahindi katikati. Siwatanii. Gunia lilifika hospitali.

Nilikuwa natandika kitanda cha kupimia walipoingia kwa Daktari Neema. Daktari alikuwa binti kijana, mgeni wa huku, mpole wa sauti na mgumu wa kichwa. Mama Kalunde akakaa. Maganga akasimama mlangoni, uso ukutani.

Daktari akauliza tatizo. Mlangoni sauti ikajibu, "Ana uvimbe kifuani, daktari, upande wa kushoto."

"Una shida nyingine yoyote, mama?"

"Hana," ukuta ukajibu. "Ni hilo la kifuani tu."

"Nimemuuliza mama."

Mama Kalunde akautazama mgongo wa mkwe wake. "Hakuna," akasema.

Daktari akaweka kalamu chini. "Baba, huko ukutani kuna nini?"

"Ni heshima, daktari."

"Kwa nani?"

"Kwa mama."

Daktari akamwambia Maganga asubiri nje, akauliza tena. Lakini mlango wetu ulikuwa wa mbao nyepesi, na kivuli cha Maganga kilionekana chini yake, viatu viwili. Mama Kalunde akaviangalia vile viatu, akasema tena, "Hakuna."

Heshima ninaijua, nimelelewa nayo. Lakini kuna heshima na kuna upumbavu uliovaa kanzu ya heshima, na miaka yote niliyofanya kazi nimeona huo wa pili ukiwapeleka watu makaburini kwa wingi. Mwanaume hasemi anavyokojoa kwa sababu muuguzi ni binti. Mwanamke hasemi anakotoka damu kwa sababu shemeji yuko karibu. Kisha wanalaumu dawa.

Basi akalazwa akatwe kinyama cha lile titi. Asubuhi yake nikaingia zamu, nikatazama chini ya kitanda kama nilivyofundishwa. Palikuwa na ndoo imefunikwa kwa khanga na khanga imefungwa kwa kamba. Ndoo ya mgonjwa haifungwi kwa kamba.

"Mnyamwezi, unafuga nini humo?"

"Pita, Mgogo. Hakuna cha kuomba hapa."

"Siombi, natoza. Wazee wako hawakupita kwetu bure, na wewe hutapita bure. Lipa."

"Nilipe nini?"

"Kilichomo ndani ya ndoo."

Angekuwa muuguzi ndiye aliyeuliza, angeambiwa ni nguo chafu. Mtani haambiwi hivyo, mtani anajibiwa. Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akanivuta mkono nikainama.

"Ni damu," akasema. "Ilikwisha zamani, ikarudi tulipokuwa tunapandikiza tumbaku. Mwanzoni nilidhani nimerudia usichana."

Walipokuwa wanapandikiza. Na wakati ananiambia, tumbaku ya wenzake ilikuwa imeshaingia kwenye mabani ya kukaushia.

"Na daktari umemwambia hakuna."

"Na Maganga amesimama pale? Nitaje mambo ya huko mkwe wangu akisikia? Bora nife."

"Hilo halina foleni, mama. Ukitaka unapata leo leo."

Sikumsaidia kuficha. Nilimwambia nakwenda kumwita daktari, na kwamba Maganga nimemtuma sokoni kutafuta michembe, vile viazi vikavu, na soko liko mbali. Hapo ndipo alipokubali kupimwa. Nilishika taa. Daktari Neema akatazama, akatazama tena. Palikuwa na kidonda kwenye mlango wa kizazi.

Nikafikiri kama ambavyo wengi wenu mnafikiri sasa hivi: basi, imeshatembea. Uvimbe juu, kidonda chini, mwanamke mmoja. Nilimwambia daktari hivyo tulipotoka.

"Bibi, nani kakuambia imetembea?"

"Si inaonekana?"

"Haionekani. Ndiyo maana tunakata huku na huku."

Nesi mmoja, ambaye simtaji, alileta chupa moja. Akasema zimepungua stoo, na kwani vinyama vyote si vya mama huyu huyu. Daktari alimtazama mpaka akarudi stoo, na chupa ya pili ikapatikana, kama zinavyopatikana siku zote mtu akitazamwa. Fikirini wenyewe: mkitumbukiza vinyama viwili kwenye chupa moja, huko maabara wataambiwa ni kitu kimoja, watajibu kitu kimoja. Nilizibeba mimi, moja mkono wa kulia na moja mkono wa kushoto, majina kwenye chupa. Zikasafirishwa Mwanza.

Mama Kalunde aliweka sharti. Wala mkwe wake wala kaka yake wasijue hicho kidonda kiko wapi. Daktari akampa neno lake, na hilo ni sawa, siri ya mgonjwa ni ya mgonjwa. Lakini Maganga alikuwa anauliza kila siku, na mama akatuma ujumbe kupitia nesi. "Mwambieni wameona sehemu nyingine."

Sehemu nyingine. Hayo maneno mawili nusura yamzike. Maganga akapiga simu kwao kueleza kwamba wameona sehemu nyingine. Kalunde akamwambia shangazi yake, shangazi akawaambia kina mama kisimani, na kila aliyesikia "sehemu nyingine" akaelewa kitu kimoja tu, kwamba saratani imesambaa. Hakuna aliyedanganya. Kila mtu aliogopa kutaja mahali, na palipokosa jina watu wakajaza wanachokijua.

Majibu yalikawia, lakini yalirudi. Daktari Neema akavuta stuli, akakaa karibu na kitanda, nami nikiwa pale kwa sababu mama alinishika khanga nisiondoke.

"Mama, titi lina saratani, imeanzia kwenye mirija ya maziwa. Chini pia kuna saratani, na imeanzia pale pale chini. Hazifanani hata kidogo zikitazamwa kwa darubini. Hii haikutoka kwa ile."

"Ni mbili?"

"Ni mbili. Umewahi kuumwa malaria na kichocho kwa pamoja?"

"Utotoni, ndiyo."

"Je, malaria ilisambaa ikawa kichocho?"

Mama Kalunde akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama ng'ombe anataga. "Hapana."

"Basi ni hivyo. Kila moja imekuja kivyake. Na kila moja bado iko mahali pake, haijaenda mbali, kwa hiyo tunakupeleka Mwanza tukiwa na nia ya kukuponya, si ya kukupunguzia maumivu tu. Ingekuwa moja iliyosambaa ningekuambia maneno mengine."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini yule binti aling'ang'ania chupa mbili. Mtu mwenye saratani iliyosambaa anatibiwa kwa njia yake, na mwenye saratani mbili changa anatibiwa kwa njia nyingine kabisa. Ukichanganya, ama unamkatia tamaa mtu wa kupona, ama unamtibu nusu. Mimi niliyezoea kusema "imetembea" nikajiona mjinga, na sikufa kwa kujiona hivyo. Jaribuni na nyie siku moja.

Na hao wanaowauzia chupa za unga pale stendi, wanaosema zinasafisha saratani zote za mwili mzima: mwambieni mmoja awaeleze kwanza ya titi na ya kizazi zinatofautiana nini. Akisema zote ni sumu ya damu, mrudishieni chupa yake na msimpe hata shukrani.

Sasa akaja Mzee Mihambo.

Mzee Mihambo ni kaka mkubwa wa Mama Kalunde. Alikuwa karani kwenye kituo cha kununua tumbaku, na ujana wake wote aliutumia kutazama jani na kutamka daraja lake. Mtu akizoea kazi hiyo anadhani kila kitu duniani kinatosha kutazamwa. Alikuja na gari aina ya Noah, viti vya nyuma vimekunjwa, mkeka umetandikwa, na wanaume wa ukoo wakiwa na kofia mikononi. Mama Kalunde aliwaona kupitia dirishani, akaanza kufunga vitu vyake.

"Nimekuja kumchukua dada yangu," Mihambo akamwambia daktari. "Tunashukuru mlipofikia. Kilichobaki ni chetu."

"Kilichobaki ni matibabu, mzee. Ana saratani mbili, na zote zina tiba."

Mihambo akatabasamu kama anavyomtabasamia mtoto aliyeleta tumbaku yenye unyevu. "Daktari, binti yangu. Moja tu inaua. Wewe unasema mbili zina tiba?"

"Hazijasambaa."

"Ya kwanza iko kifuani, si ndiyo? Na ya pili?"

Daktari akamwangalia mgonjwa. Mgonjwa akatikisa kichwa, hapana. "Mahali siwezi kutaja bila ruhusa yake," daktari akasema.

"Mnaona? Hata kupataja hawezi. Imetoka kifuani imefika sehemu nyingine. Imefikaje, daktari, imepanda basi?"

Wanaume wakacheka kwa adabu. Maganga alikuwa mlangoni, uso ukutani, akisikia yote. Najua hakutaka mama mkwe wake aondolewe, maana nilimwona anaukandamiza ule ukuta kwa kiganja. Lakini mkwe hasemi mbele ya mjomba wa mke, wala hasemi mbele ya mama mkwe, na pale walikuwapo wote wawili. Daktari alikuwa amefungwa na ahadi yake. Mgonjwa alikuwa amefungwa na haya yake. Wote walikuwa na heshima zao, na gari lilikuwa linasubiri.

Mimi sikuwa na ahadi kwa mtu, na mtani hana haya na mtani wake. Nikachukua khanga ya Mama Kalunde iliyokuwa kwenye reli ya kitanda, nikajifunika kichwani kama yeye anavyojifunika, nikapanda kwenye kitanda kitupu cha jirani, nikanyoosha miguu, nikafumba macho.

"Mama Mbukwa, unafanya nini?" daktari akauliza. Hakuwa amewahi kuona watani wakimwigiza marehemu msibani.

"Mimi siye Mama Mbukwa. Mimi ni marehemu Mama Kalunde. Mtani anawahi msibani."

Mihambo akakasirika. "Mama, huu si wakati wake."

"Wakati gani mwingine, kaka yangu? Si umeniletea gari la kunibebea? Mbona hulii? Lia basi, au machozi umeyaacha kituo cha tumbaku yakipangiwa daraja?"

Sasa jueni kwamba Mnyamwezi akianzishiwa utani hawezi kuuacha chini, ni kama deni la mwilini. Mmoja wa wale wanaume, mzee mwenye mvi za kidevu, midomo ikamcheza. Akajikaza, akashindwa. "Marehemu," akasema, "na wewe umekufa kwa nini?"

"Kwa haya."

"Haya inaua?"

"Imeniua mimi. Dawa ilikuwapo Mwanza. Daktari aliniambia twende, nikaona haya kutaja panaponiuma, mkwe wangu asisikie, kaka yangu asisikie. Nikaona heri nife. Sasa niosheni. Mtakaoniosha mtapaona hapo mahali, na majirani mtakaoshika ndoo mtapaona, kila mtu atapaona, wala sitakuwa na haya tena. Maji yakiwa ya moto msinichome."

Hakuna aliyecheka. Hata mwenye mvi aliangalia sakafu. Nikafikiri nimepitiliza, na kwamba mama wa watu atatoka pale na mkeka wake na laana yangu juu yake.

"Shuka kitandani, Mgogo," Mama Kalunde akasema. "Nipe khanga yangu."

Nikashuka, nikampa. Hakujifunika. Aliikunja, akaiweka mapajani.

"Maganga."

"Naam, mama," ukuta ukajibu.

"Geuka."

"Mama, mimi siwezi..."

"Nimesema geuka. Unione na nikuone."

Maganga akageuka polepole, macho chini, jasho linamtoka kwenye paji. Mama akangoja mpaka akainua uso.

"Nina saratani ya titi, hiyo unaijua. Nina nyingine ya mlango wa kizazi, huku chini, alikopita mke wako siku alipozaliwa. Ni mbili. Hazikutoka hii kwenda hii, ni kama malaria na kichocho. Kule Mwanza nitahitaji mtu wa kukaa na mimi, na mtu mwenyewe ni wewe, hakuna mwingine. Nitatapika, nitavuja, utaona kila kitu. Unaweza au huwezi?"

Mihambo akasema, "Dada, haya maneno mbele ya..."

"Wewe nitakujibu baadaye. Namuuliza Maganga."

Maganga akafuta jasho. "Tunaondoka lini, mama?" akasema.

Noah ilirudi Urambo na mkeka wake. Mihambo hakuaga. Yule mwenye mvi aliaga, tena alinishika mkono akasema wazee wangu walikuwa wezi wa njiani, nikamwambia wa kwake walikuwa punda wa kukodi, tukaachana vizuri. Matroni aliniandikia onyo kwa kupanda na viatu kwenye kitanda kilichotandikwa. Alikuwa sahihi. Niliinua shuka nikatandika upya.

Yaliyotokea Mwanza nimehadithiwa na wenyewe. Kule madaktari wa aina mbalimbali walikaa meza moja kwa ajili yake, wa kukata, wa mionzi na wa dripu, wakabishana waanze na ipi. Msidhani ni jambo dogo. Dawa ya moja inaweza kuchelewesha ya nyingine, na mwili ni ule ule mmoja unaopokea yote. Wakamwondoa titi kwanza. Kidonda cha kifuani kilipofunga wakaingia kwenye mionzi ya chini pamoja na dripu, kisha akapewa vidonge vya kumeza kila siku kwa miaka. Maganga alipanga chumba karibu, akipika uji, akifua, akishikilia beseni. Mara ya kwanza mama alipotapika, Maganga aliliweka beseni chini akageukia ukuta kwa mazoea. Mama akamwambia, "Ukuta hauumwi." Hakugeuka tena.

Siwaambii amepona kabisa. Daktari wa maana halisemi hilo upesi, na mimi nisiye daktari nitalisemaje. Anarudi kupimwa, na mpaka sasa wanampima wanamwacha aende. Anachoka upesi. Shamba la tumbaku amempa Maganga, yeye amebaki na karanga na ulimi.

Nilikuwapo stendi siku waliporudi kutoka Mwanza, baada ya yale matibabu makubwa kwisha. Basi likasimama, abiria wakaanza kushuka na magunia yao. Maganga akashuka kwanza. Akaweka mfuko chini, akageuka, akanyoosha mkono, na Mama Kalunde akaushika, akashuka ngazi moja moja, amekonda, kichwa kitupu bila nywele, hakukifunika.

Palikuwa na mwanamke mmoja wa kijijini kwao aliyekuwa anasubiri gari la Urambo. Aliuona ule mkono ndani ya mkono. Akajifunika mdomo, akasonya, akasema kwa sauti ya kusikika, "Jamani, na mkwe wake?"

Maganga alitaka kuuachia mkono. Mama Kalunde akaushika zaidi.

"Sogea dada," akasema. "Tupite."